WRX ya mtu mmoja, bajeti finyu na turbo iliyonunuliwa mwisho

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Injini ni EJ205 ya lita 2, gia ni tano za mkono, na turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, ni TD04 iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Likiwa zima, gari la aina hii lina nguvu farasi zipatazo 225. Mwenyewe analiendesha kila siku, anasafiri nalo na familia, na hana gari la akiba. Alitaka lifike kwenye farasi 260 na liendelee kuwaka kila asubuhi. Fedha aliyokuwa nayo haikutosha turbo mpya ya kampuni yenye jina pamoja na vifaa vinavyoandamana nayo, na alilisema hilo wazi tangu mwanzo, jambo lililorahisisha kazi yote.

Alikuwa tayari na mpango. Alinionyesha picha ya kifurushi kinachouzwa mtandaoni kwa bei ya chini mno: turbo mpya isiyo na jina la mtengenezaji, iliyoigwa kutoka TD05, kubwa kuliko TD04, yenye kompresa (sehemu inayobana hewa) ya 20G, valvu ya kupumulia inayomwaga hewa nje kwa mlio, kirekebishi cha busti (presha inayoongezwa na turbo) cha kuzungusha kwa mkono, na regyuleta ya mafuta inayopandisha presha busti inapopanda. "Fundi, humu kila kitu kimo, ni kufunga tu," aliniambia.

Havikuwemo vitu vitatu ambavyo injini ile ingevihitaji kabla ya turbo: injekta (vinyunyizio vya petroli) za kutosha, tyuni ya kompyuta (kuipanga upya iendane na vifaa vipya), na uhakika kwamba injini yenyewe ni nzima. Vilivyokuwemo, karibu vyote vilikuwa vya kuidanganya kompyuta ya gari badala ya kuieleza ukweli. Nikamwomba tukubaliane jambo moja kabla ya kununua hata gasketi: turbo tutainunua mwisho. Kila nilichokifanya kwenye gari lile kilitokana na sharti hilo, na kisa hiki nakiandika kwa sababu watu wengi wenye bajeti ndogo huanza na turbo, kisha fedha ikawaishia kabla ya vile vinavyoilinda.

Gari lilivyokuwa kabla ya kuguswa

WRX za miaka hiyo zina sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, na ukiunganisha kebo na kompyuta mpakato unasoma gramu kwa sekunde. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote kwa mtu asiye na daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), kwa kuwa nguvu ya injini hutokana na hewa iliyoimeza. Kwa injini ya petroli yenye turbo, gramu moja ya hewa kwa sekunde hutoa farasi 1.25 hivi kwenye krankshafti. Si hesabu ya kukatia kesi, lakini inatosha kukuambia uko wapi.

Tukaenda barabara iliyo wazi, gia ya tatu, mguu chini mpaka mizunguko 6500 kwa dakika. Sensa ilifika kama gramu 150. Yaani farasi 190 hivi, kwenye gari linalodai 225. Mwenyewe hakuwa na habari. Alidhani ndivyo lilivyo, na kwamba kiu yake ya turbo kubwa ni kiu ya kawaida ya kijana mwenye WRX.

Tulifanya jaribio la kuvuja. Unafunga mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu, unaziba njia za upumuaji wa injini ili usipeleke presha kwenye krankkesi, kisha unaingiza hewa taratibu mpaka karibu bar 1 na kupulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mpira wa valvu ya kurudisha hewa ulikuwa umepasuka upande wa chini usioonekana, na gasketi ya intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ilikuwa inapitisha. Hewa hiyo ilikuwa imeshahesabiwa na sensa, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda. Ndiyo sababu ya moshi mweusi na harufu ya petroli ambayo mwenyewe alikuwa ameizoea.

Baada ya mpira mpya na gasketi mpya, jaribio lile lile barabara ile ile lilitoa gramu 178. Gari lilikuwa limerudi kuwa WRX. Nilimwambia kama ataishia hapo, sitamshangaa. Aliendesha kwa muda, akafurahi, akarudi kusema bado anazitaka zile farasi 260. Sawa. Ila sasa tulikuwa tunaanzia kwenye gari zima.

Halafu kompresheni na jaribio la kuvuja kwa silinda. Kompresheni peke yake hainitoshi, kwa kuwa oili kidogo juu ya pistoni inaweza kuficha ringi mbovu. Kwenye jaribio la kuvuja unaingiza hewa katika silinda ikiwa valvu zimefunga, na kusoma asilimia inayopotea. Ukisikia hewa kwenye mdomo wa oili, ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ukiona mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Silinda namba 4 ya injini za EJ ndiyo ninayoitazama kwa wasiwasi zaidi, kwani ndiyo maarufu kwa pistoni kupasuka katikati ya ringi. Zote nne zilivuja chini ya asilimia 10, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo. Kama namba 4 ingetoa 25, kisa hiki kingeishia hapo, na fedha yote ingeenda kwenye kushusha injini.

Hesabu ya hewa, maana ndiyo inayoamua kila kifaa

Injini ya lita 2 (kwa hakika 1.994) ya mipigo minne hunyonya ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6500, ni mara 3250 kwa dakika, yaani lita 6480 za hewa. Silinda hazijai kikamilifu. Chukua asilimia 85, inabaki lita 5500 kwa dakika. Ujazo huo haubadiliki hata ukiweka turbo ya ukubwa gani. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo ndani yake.

Kwa busti ya bar 1.1, presha halisi ndani ya menifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) ni bar 2.1 hivi. Hewa ikitoka kwenye intakula na joto la nyuzi 55, kila lita 1000 ina uzito wa kilo 2.24. Zidisha: kilo 12.3 kwa dakika, au gramu 206 kwa sekunde. Kwa kipimo chetu cha 1.25, hizo ni farasi 257. Lengo lake limefikiwa kwa bar 1.1, na kwa mizunguko ambayo injini ile inaifikia bila kubadilisha chochote ndani.

Sasa tazama maana yake. Kutoka gramu 178 hadi 206 ni nyongeza ya sehemu moja ya sita. Kwa nyongeza hiyo, mtu alikuwa anataka kufunga kompresa ya 20G, ambayo inaweza kupitisha hewa nyingi kuliko hiyo kwa mbali, na kulipia ukubwa huo kwa kusubiri busti mpaka mizunguko zaidi ya 4000. Ukiwa na familia ndani na lori mbele yako, unachohitaji kipo kati ya 3000 na 5000. Turbo kubwa kuliko lengo ni hasara ya kila siku inayolipwa kwa faida ya sekunde chache.

Mbona basi tusiisukume TD04 ifike hapo? Inaweza kukaribia. Tatizo ni joto. Kompresa ikifanya kazi nje ya eneo lake zuri, sehemu kubwa ya nguvu inayoipokea hugeuka kuwa joto badala ya presha. Kwa uwiano wa presha wa 2.1 na hewa ya kuingia yenye nyuzi 25, kompresa yenye ufanisi wa asilimia 72 hutoa hewa ya nyuzi 120 hivi. Yenye ufanisi wa asilimia 60 hutoa nyuzi 140. Intakula itapunguza pengo hilo, lakini haitalifuta, na kila nyuzi inayobaki inaisogeza injini karibu na noki, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. TD04 ni ndogo; ukiisukuma bar 1.1 mpaka juu kabisa ya mizunguko, inachoka, na tabaini yake (upande unaozungushwa na moshi) inabana moshi. Kwa anayeendesha milimani mambo ni magumu zaidi: kwenye mwinuko wa mita 1600 hewa ya nje ina presha ya bar 0.84 hivi, kwa hiyo ili menifoldi ipate bar 2.1 ile ile, turbo lazima ibane kwa uwiano wa 2.5. Watu husahau hili wanapoiga mipangilio ya mtu anayeishi pwani.

Turbo yenyewe

Jibu lilikuwa katikati, na lilikuwa limeshatengenezwa na kiwanda: VF39 ya IHI, turbo iliyofungwa kwenye WRX STI, toleo lenye nguvu zaidi, za soko la Marekani kuanzia 2004 hadi 2006, ambazo zilikuwa na injini ya lita 2.5 na farasi 300. Inakaa kwenye flanji ile ile ya moshi, inaelekea intakula kwa njia ile ile, na mabomba ya oili na maji yanahitaji kurekebishwa kidogo tu. Kwenye injini ya lita 2 inafikisha busti kamili karibu na mizunguko 3600, nyuma ya TD04 kidogo, kisha haikati pumzi mpaka mwisho. Na kwa sababu wenye STI wengi huibadilisha wakitafuta kubwa zaidi, za mtumba zinapatikana.

Najua mtumba una hofu zake. Turbo inazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Kosa dogo la mizani hapo linaua beringi. Lakini nikipewa turbo ya kiwanda iliyotumika, ambayo naweza kuishika na kuikagua, na mpya iliyoigwa ambayo sijui tabaini yake imeyeyushwa kwa madini gani wala nani aliipima mizani, nachukua iliyotumika. Upya wa rangi hauniambii chochote kuhusu shafti.

Ukaguzi wenyewe si mrefu. Kwanza sukuma na vuta shafti kwa urefu wake: kidole kisihisi chochote. Ukihisi mchezo hapo, beringi ya msukumo imekwisha, iache. Kisha itikise kwa upande. Hapa wengi hukataa turbo nzima bure: VF39 hutumia beringi za kuelea kwenye oili, kwa hiyo ikiwa kavu lazima icheze kidogo upande. Kinachokatazwa ni bapa kugusa ukuta. Tazama bapa za kompresa kama zina meno yaliyoliwa, maana hiyo ni turbo iliyomeza mchanga. Upande wa moshi tafuta nyufa kati ya tundu la westigeti (kilango kinachokwepesha moshi ili busti isizidi) na tabaini. Ufa mwembamba kama unywele ni wa kawaida kwenye turbo za zamani, ufa unaofika kwenye kikao cha kilango si wa kawaida. Chungulia njia ya oili kwa tochi: masizi magumu meusi yanaonyesha injini iliyozimwa ikiwa moto kila mara. Mwisho, tia presha kwa pampu ya mkono kwenye kisukumio cha westigeti, uone kama kinafungua na kukaa bila kupoteza hewa.

Tulikataa mbili, moja kwa mchezo wa shafti na nyingine kwa ufa. Ya tatu tukaichukua, ikapelekwa kwa anayepima mizani, ikafungwa beringi na sili mpya. Hata ukijumlisha kazi hiyo, ilibaki chini ya thuluthi moja ya bajeti.

Kilichomo ndani ya bomba

Hapa ndipo sharti la kununua turbo mwisho lilipojilipa. WRX za miaka hiyo katika masoko kadhaa zilikuja na masega madogo ya kusafisha moshi (kataliti) ndani ya bomba linalopandisha moshi kwenda kwenye turbo, mbele kabisa ya tabaini. Masega hayo yakizeeka, humeguka, na vipande havina pa kwenda isipokuwa kwenye bapa za tabaini. Tulipolifungua bomba la gari hili, upande mmoja ulikuwa umeshaanza kulegea. Angefunga ile turbo ya picha juu ya bomba lile, pengine vyote viwili vingekufa pamoja, na lawama yote ingeangukia turbo.

Bomba jipya lisilo na masega liliingia mahali pake. Bomba la kushuka, linalotoa moshi kwenye turbo, nalo lilibadilishwa kwa pana zaidi, lakini tulisisitiza liwe na masega yanayopitisha moshi kwa wingi. Nchi nyingi zinakataza kuyaondoa kabisa, na mimi mwenyewe siungi mkono gari la familia kutoa moshi mchafu kwa ajili ya farasi watatu au wanne.

Bomba pana lina hatari yake. Moshi ukipita kwa urahisi, tundu la westigeti la turbo hizi linaweza kushindwa kuukwepesha wote, na busti ikapanda yenyewe hata kompyuta isipoiomba. Kwa hiyo kabla ya kuifunga turbo tulipanua tundu hilo kidogo kwa grinda ndogo, bila kugusa kikao cha kilango. Hii ni kazi ya saa moja na haihitaji fedha, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Mafuta

Kilo 12.3 za hewa kwa dakika, kwa mchanganyiko wa 11.2 kwa 1 unaofaa mzigo kamili wa injini kama hii, zinahitaji kilo 1.1 za petroli, sawa na lita 1.5. Gawa kwa injekta nne: cc 370 kila moja kwa dakika. Injekta za kiwandani zilipopimwa zilitoa karibu 440. Zingefanya kazi kwa asilimia 84 ya muda wote. Mtu anaweza kusema zinatosha. Sikubali, kwa sababu hesabu hiyo ni ya siku ya kawaida. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito zaidi, injekta yenye uchafu hutoa pungufu, na injekta ikikaribia kufunguka muda wote haina tena namna ya kujibu. Silinda moja ikikosa mafuta kidogo ikiwa kwenye busti, pistoni hupasuka kabla hujasikia kitu.

Tukachukua injekta za mtumba za STI, cc 565 hivi, zinazoingia kwenye matundu yale yale ya pembeni. Zilisafishwa, zikalinganishwa benchi, zikavalishwa oringi mpya. Sasa zinafanya kazi asilimia 66 ya muda. Ile regyuleta ya kifurushi, ambayo hupandisha presha kubahatisha, haikuwa na kazi tena.

Pampu ilihitaji macho zaidi. Kwenye mfumo huu presha ya msingi ni bar 3 na hupanda sawasawa na busti. Kwa bar 1.1 ya busti lazima geji isome bar 4.1. Tulifunga geji ya muda, tukaipitisha chini ya boneti na kuibana kwenye kioo cha mbele kwa nje, kisha tukaendesha tukiitazama. Kwa busti ya kiwandani presha ilianza kuyumba juu ya mizunguko 5500. Kabla ya kununua pampu tulipima umeme: betri karibu volti 14, kwenye pampu 12 na ushei. Pampu ikikosa volti hupunguza mafuta, na pampu mpya kwenye waya ule ule ingekosa vilevile. Tulivuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, kisha tukaweka pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na umri wa gari. Geji ikasimama kwenye mstari mpaka mwisho wa mizunguko.

Vidogo vinavyoua turbo

Vichache tu vya kusema. Mpira wa kurudisha oili ulikuwa mgumu, ukabadilishwa, na tukahakikisha unashuka bila kona, kwani oili inatoka kwenye turbo kwa uzito wake tu. Baadhi ya injini za Subaru zenye turbo zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili. Kikiziba, turbo hufa kwa kiu, kwa hiyo kila bolti ilifunguliwa na kutazamwa. Plagi zilitoka namba 6 kwenda 7 za NGK, ambako namba ikipanda ndipo plagi inakuwa ya baridi zaidi, na mwanya ukapunguzwa hadi milimita 0.7. Kabla ya kuwasha tulijaza oili kwenye turbo, tukazungusha injini kwa stata bila petroli mpaka taa ya oili ikazima.

Valvu ya kumwaga hewa nje hatukuifunga. Kwenye gari linalopima hewa kwa uzito, hewa iliyohesabiwa ikimwagwa nje, kompyuta hutoa petroli ya ziada kila unapobadilisha gia. Mlio ule ni mtamu masikioni mwa wengi, ila kwenye gari hili ni petroli inayochomeka ovyo na masega yanayopikwa.

Intakula ya juu ya kiwandani ilibaki kwa muda. Sensa ya joto ya gari hili iko kabla ya turbo, kwa hiyo kompyuta haijui hewa inafika kwenye menifoldi ikiwa na joto gani. Tulitoboa na kuweka sensa ya majaribio baada ya intakula. Baada ya kukimbia mara tatu mfululizo, joto lilipita nyuzi 70. Ndipo akanunua intakula kubwa zaidi ya STI, ya mtumba, inayokaa hapo hapo juu ya injini. Jaribio lile lile likaishia nyuzi 57. Ya mbele, yenye mabomba marefu, ingefanya vizuri zaidi kwenye joto, lakini kwa farasi 260 sikuona sababu ya kukata bampa.

Tyuni

Gari lenye injekta mpya haliwezi kuendeshwa hata kuingia barabarani bila kompyuta kuelezwa ukubwa wake na muda zinaochelewa kufunguka. Kwa WRX hizi kuna programu za bure, EcuFlash na RomRaider, na mtyuni anayeijua EJ anaweza kuzitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sehemu mbili za kumi za bajeti zilikwenda kwake, na sijaona fedha iliyotumika vizuri zaidi kwenye kazi nzima.

Alianza na presha ya westigeti peke yake, ili tuone kama busti inapanda bila kuombwa. Haikupanda, ile saa moja ya grinda ilijibu. Kisha akaongeza hatua kwa hatua, sensa ya mchanganyiko ikiwa kwenye bomba la kushuka, huku akitazama masahihisho ya noki. Alitumia petroli dhaifu kuliko zote ambazo mwenye gari anaweza kujikuta akijaza safarini, si ile bora anayoipenda. Nilimuunga mkono kabisa: tyuni ya mafuta mazuri kwenye tangi la mafuta hafifu ndiyo historia ya pistoni nyingi zilizopasuka.

Uamuzi wake uliokuwa na akili kuliko yote ulihusu giaboksi. Gia tano za WRX zina sifa ya kuvunjika kwa msukumo mkali wa ghafla, na msukumo mkali unatokea busti inapofika kwa kishindo katikati ya mizunguko. Kwa hiyo aliiwekea busti mteremko wa kinyume: bar 0.95 karibu na 3600, ikipanda polepole hadi 1.1 kuanzia 4800. Nguvu ya juu haikupungua, ila meno ya gia hayapigwi nyundo. Mwenye gari alilalamika kidogo kwamba halimrushi kichwa nyuma kama la rafiki yake. Rafiki huyo ana giaboksi ya pili sasa.

Usomaji wa mwisho barabara ile ile, gia ya tatu: gramu 204 kwa sekunde. Hesabu ya karatasi ilisema 206. Ukipima kutoka tulipoanza, gari limeongeza gramu 54, na 28 kati yake, zaidi ya nusu, zilitokana na mpira mmoja na gasketi moja.

Mgawanyo wa bajeti kwa mafungu kumi ulikuwa hivi: turbo pamoja na kuikarabati mafungu matatu, mabomba ya moshi mawili, injekta na pampu na waya mawili, tyuni mawili, na gasketi, plagi, oili na vipimo fungu moja. Intakula aliilipia kwa kuuza TD04 yake na ile intakula ya zamani. Kifurushi cha kwenye picha kingechukua mafungu matatu na nusu, na kungebaki mafungu sita na nusu ya kununua yote yaliyokosekana pamoja na uharibifu.

Klachi tuliiacha nje ya hesabu kwa makusudi, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa bado inashika kwa nguvu ya kiwandani na hakukuwa na sababu ya kuitupa kabla ya wakati. Ilianza kuteleza miezi michache baadaye kwenye gia ya nne, kama tulivyomwambia, na alikuwa ameshaweka akiba yake. Sasa anabadilisha oili kila kilomita 5000, na anatunza kebo ndani ya gari ili kila mwezi asome masahihisho ya noki na gramu za hewa. Juzi gramu zilishuka hadi 190. Akafunga kizibo kwenye mdomo wa turbo, akatia hewa na maji ya sabuni, akakuta kibano cha intakula kimelegea.